Jina la Songea: Boma, Kaburi na Makumbusho

Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, jina la Songea huchukua upatanisho wa aina mbili. Msemaji akisema "Songea alinyongwa", anamtaja mtu. Akisema "Songea kuna baridi", anataja mahali. Jina lenyewe halibadiliki hata kwa herufi moja. Kinachotenganisha maana hizo mbili ni kiambishi cha kitenzi tu. Watanzania walio wengi wanalijua jina hilo kwa maana ya pili: makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, wilaya ya mahindi, mji wa timu ya Majimaji ambayo mashabiki wake huiita Wanalizombe. Maana ya kwanza, ile ya mtu aliyekuwa jemadari wa vita katika dola ya Wangoni, huhifadhiwa zaidi na wazee, na wanahistoria, na eneo moja la kumbukumbu lililomo mjini humo, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji.

Mhadhara huu unachunguza jinsi jina la mtu lilivyogeuka kuwa jina la wilaya, na jinsi makumbusho hayo yalivyofanya kazi ya kulirudisha kwa mtu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza, kwa sababu Songea hakupewa wilaya ili aheshimiwe. Jina lake liliandikwa kwenye ramani na serikali ileile iliyomnyonga, na liliandikwa akiwa bado hai. Heshima ilikuja baadaye sana, na ilikuja kwa lugha ya Kiswahili.

Yafaa kuanza na dola aliyoitumikia. Wangoni waliofika kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania walikuwa tawi la msafara mrefu uliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Baada ya kifo chake huko Ufipa, msafara uligawanyika, na baadhi ya makundi yakashuka hadi mashariki ya Ziwa Nyasa. Njiani walikuwa wamechukua watu wa makabila mengi, na walipofika Ungoni waliwatwaa wengine, wakiwemo Wandendeule na Wamatengo. Neno "Mngoni" kwa hiyo lilikuwa zaidi jina la uraia kuliko la nasaba. Kufikia miaka ya mwisho ya karne ya 19 palikuwa na falme mbili: Njelu upande wa kusini, chini ya Nkosi Mputa wa ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini, chini ya Nkosi Chabruma.

Historia ya lugha yao inafundisha jambo. Lugha ya Kinguni waliyokuja nayo waasisi wa msafara haikudumu. Watoto walilelewa na mama waliotoka katika jamii zilizotekwa, na Kingoni kinachosemwa Songea siku hizi kina udugu wa karibu zaidi na Kindendeule na Kimatengo kuliko na Kizulu. Yaliyosalia kutoka kusini ni maneno machache, na mengi kati ya hayo ni ya utawala na vita. Mawili kati yake ndiyo yanayobeba historia hii: nkosi, yaani mfalme, na nduna.

Songea Mbano alikuwa nduna katika ufalme wa Njelu. Cheo hicho hakina kisawe kamili katika Kiswahili, na kila tafsiri iliyojaribiwa imeacha kitu nje. Wajerumani waliwaita watawala wa bara "sultani", neno walilolizoea pwani, wakalitumia bila kujali kama aliyetajwa alikuwa mfalme au mtu wa chini yake. Tangu enzi ya Waingereza limezoeleka neno "chifu", na hadi leo vyombo vya habari humwita Chifu Songea. Waandishi wengine hupendelea "jemadari", na wengine "jenerali". Jemadari ni neno lenye asili ya Kiajemi lililofika pwani kwa njia ya majeshi ya Sultani wa Zanzibar, ambamo lilikuwa cheo cha mkuu wa askari wa Kibaluchi. Linafaa kwa upande wa vita, lakini jemadari wa Zanzibar alikuwa mtu wa mshahara, hakuwa na nchi. Nduna alikuwa na vyote viwili. Aliongoza kikosi wakati wa vita, na wakati wa amani alitawala eneo lenye vijiji, mashamba na watu wake, akiamua kesi na kugawa mateka. Uwezo wake ulipimwa kwa idadi ya watu waliomfuata. Songea alikuwa na wafuasi wengi mno, hata akawa na nguvu zilizoweza kushindana na za baadhi ya watu wa ukoo wa kifalme.

Ni nguvu hizo zilizomfanya aonekane na Wajerumani. Luteni Engelhardt alipoingia Ungoni mwaka 1897 na kuwalazimisha viongozi wa Kingoni kukubali utawala wa Kijerumani kwa mtutu wa bunduki, boma lilijengwa karibu na makazi ya nduna huyo. Kituo kilihitaji jina katika barua na ramani, na jina lililokuwa karibu lilikuwa la mkuu wa mahali pale. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida katika misafara ya karne ya 19: mahali paliitwa kwa jina la mwenyeji, kama vile mtu anavyosema leo kwamba anakwenda "kwa Fulani". Tofauti ni kwamba katika matumizi ya wenyeji jina la namna hiyo hubadilika mwenyeji akifa au akihama. Katika daftari la serikali halibadiliki. Mwandishi wa boma aliyeandika "Songea" juu ya barua yake hakumtukuza mtu yeyote. Alikuwa anajaza nafasi ya anwani.

Miaka minane iliyofuata iliwapokonya Wangoni karibu kila kitu kilichowafanya kuwa dola. Uvamizi ulipigwa marufuku, na pamoja nao mapato ya mateka na pembe za ndovu. Kodi ilidaiwa. Watu waliotekwa zamani walianza kuondoka chini ya mamlaka ya wakuu wao na kujitegemea. Wamisionari wa Kibenediktini, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, waliingilia hata mambo ya mizimu: Padre Franziskus Leuthner alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, kitendo ambacho wazee wa Ungoni hawakukisahau.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, kwa kung'olewa pamba huko Nandete, na vilipofika Ungoni vilikuta malalamiko hayo yamekwisha kuiva. Dawa ililetwa na Omari Kinjala, na kwa mujibu wa masimulizi iliingia kupitia kwa Nkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala katika eneo la Kitanda. Mwezi Septemba 1905 misheni ya Peramiho iliteketezwa, na Padre Leuthner aliuawa. Hata hivyo maji hayakuzuia risasi, na Wangoni waligundua hilo mapema katika mapambano ya wazi. Baada ya hapo vita vilichukua sura nyingine. Wapiganaji waligawanyika katika makundi madogo, wakajificha milimani na mapangoni. Pango la Chandamali, karibu na mji, hutajwa mpaka leo kuwa mojawapo ya maficho ya Songea.

Wajerumani walijibu kwa silaha ambayo haikuhitaji kulenga shabaha, nayo ni njaa. Maghala yalichomwa, mazao yakaharibiwa mashambani. Idadi rasmi ya Wajerumani kwa vita vyote ilikuwa waliokufa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya hesabu hizo kwa sehemu kubwa ni tofauti ya jinsi ya kuwahesabu waliokufa kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza.

Nkosi Chabruma alikimbilia ng'ambo ya mto Ruvuma, akauawa huko Msumbiji. Wakuu wa Njelu walikamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa karibu na boma, akiwemo Nkosi Mputa, na akiwemo Nkomanile. Waliozikwa katika kaburi la pamoja wanahesabiwa kuwa 66. Songea hakuwa miongoni mwao. Masimulizi ya mjini yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai kwa sababu ya ushawishi wake, naye akakataa kubaki baada ya wenzake, akadai anyongwe kama wao, na siku chache baadaye akanyongwa. Kaburi lake liko peke yake, hatua chache kutoka kwa kaburi la wengi. Masimulizi hayohayo yanaongeza kwamba hakuzikwa mzima: kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Boma lilibaki na jina lake. Afisa aliyeandika ripoti ya kunyongwa kwa Songea aliiandikia Songea. Walipoondoka Wajerumani, Waingereza waliirithi wilaya pamoja na jina, na wakairithisha kwa serikali huru ya Tanganyika mwaka 1961. Kwa zaidi ya nusu karne jina liliishi katika ngeli ya mahali. Kumbukumbu za umma za enzi hiyo ziliwahusu watu wengine kabisa. Katika Dar es Salaam Wajerumani walimsimamishia sanamu Hermann von Wissmann; Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 ilizinduliwa Sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, mojawapo kwa hati za Kiarabu. Hapo Kiswahili kilichongwa kwenye mnara wa umma kuwasifu Waafrika waliopigania dola. Waafrika waliopigana na dola hiyo miaka 20 kabla hawakuwa na jiwe.

Walikuwa na fasihi, ingawa si yote iliyokuwa upande wao. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley, unavitazama vita kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Ungoni ni mbali. Na si pwani yote iliyokuwa na uhusiano mwema na wapiganaji: Rashid bin Masoud, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi Kikole, alisimama na Wajerumani. Ukweli huu hausemwi mara nyingi katika hotuba za kumbukumbu, nao unastahili kusemwa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu lugha ambayo sasa inawaomboleza mashujaa wa Songea iliwahi pia kuwa lugha ya makarani, wafanyabiashara na askari waliowashinda.

Mabadiliko yalikuja kwa siasa za uhuru. Mwezi Desemba 1956 Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa alivitaja vita hivyo kuwa ushahidi kwamba watu hawakuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai. Utafiti wa Mapunda na Mpangara kuhusu Ungoni, uliotolewa mwaka 1969, ulizaliwa na kazi hiyo. Mwaka huohuo ilichapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyovipa vita hivyo nafasi yake katika shule.

Kazi hizo zilikuwa na mwelekeo: Maji Maji yalikuwa mwanzo wa umoja wa taifa. Patrick Redmond, katika makala ya mwaka 1975, alipinga kwamba hali ilikuwa hivyo Ungoni. Kwake, wakuu wa Kingoni walipigania kurudisha mamlaka ya dola yao, na mamlaka hayo yalikuwa yamejengwa juu ya mabega ya watu waliotawaliwa nao. Hoja ya Redmond ni nzito na haijajibiwa kikamilifu. Mtu aliyetekwa na impi za Njelu hakuwa na sababu nyingi za kuutamani ufalme wa Njelu urudi. Lakini hoja hiyo nayo haielezi yote. Kodi na kazi za lazima ziliwagusa watwana na mabwana, na njaa ya 1906 haikuuliza ukoo wa mtu.

Katika mvutano huo ndipo makumbusho ya Songea yalipozaliwa. Yalifunguliwa mwaka 1980 mahali palepale yalipo makaburi, na kwa miaka mingi yalitegemea wazee wa mji na ofisi za utamaduni za mkoa, kabla ya kuingizwa katika Makumbusho ya Taifa. Ndani ya eneo hilo mna mnara wa kaburi la pamoja, kaburi la Songea, sanamu za viongozi wa Wangoni, na jengo lenye silaha na vifaa vya wakati ule. Kila mwaka mwishoni mwa Februari hufanyika maadhimisho, pamoja na ngoma na hotuba. Februari 2006 yaliadhimishwa yakiwa ya miaka mia moja.

Neno lenyewe "makumbusho" linastahili kutazamwa. Limetokana na kitenzi kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Lugha nyingi za Ulaya hutenganisha jengo la kuhifadhi vitu na mnara wa kuwakumbuka wafu. Kiswahili kinaweza kuvitaja vyote viwili kwa neno moja, na Songea vyote viwili viko ndani ya uzio mmoja. Mgeni anayeingia kutazama mikuki amekwisha kuingia makaburini.

Neno la pili ni "mashujaa". Hapa palikuwa na tatizo la kisiasa lililotatuliwa kwa msamiati. Serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Miaka 17 baadaye, katika nchi ya ujamaa, eneo la umma lilifunguliwa kwa heshima ya nkosi na manduna, watu waliotawala kwa kurithi na kwa nguvu. Wasingeweza kukumbukwa kwa vyeo vyao pekee. Neno shujaa, lenye asili ya Kiarabu, halina cheo ndani yake wala kabila. Linamtaja mtu kwa moyo wake. Kwa kuwaita wote mashujaa, makumbusho yaliwaweka nkosi na mpiganaji wa kawaida katika safu moja, na kuufanya ufalme usiwe na haja ya kutetewa.

Faida ya neno hilo ni kubwa, na hasara yake pia ipo. Kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi jinsia katika ngeli ya watu, msemaji anaweza kutaja mashujaa wa Songea maisha yake yote bila kujua kwamba mmoja wao alikuwa mwanamke. Hakuna anayelaumika kwa hilo. Ndivyo lugha ilivyo. Ila ina maana kwamba Nkomanile lazima atajwe kwa jina kila mara, kwa sababu sarufi haitamtaja kwa niaba ya msemaji.

Songea naye anatajwa na kila mtu, hata na asiyemjua. Hapo pana jambo ambalo halizungumzwi sana. Katika ngazi za utawala wa Njelu, Songea alikuwa chini ya Mputa. Mfalme amelala katika kaburi la pamoja na watu 65 wengine, ilhali nduna ana kaburi lake na mji wake. Ushujaa wa Songea hauna haja ya kutiliwa shaka, lakini ukubwa wa nafasi yake katika kumbukumbu haukutokana na ushujaa pekee. Umetokana pia na uamuzi wa luteni wa Kijerumani wa mwaka 1897 kuhusu mahali pa kujenga boma. Laiti boma lingejengwa karibu na ikulu ya nkosi, huenda leo wanafunzi wangekuwa wanasoma habari za Wilaya ya Mputa.

Hii haiharibu heshima ya makumbusho. Kwa kweli inaonyesha kazi yaliyoifanya. Jina lililokuwa anwani ya boma limepewa kaburi, na kaburi limeliondoa kwa Wajerumani. Mtoto wa shule anayepelekwa pale mwezi Februari huambiwa kwamba mji wake umeitwa kwa heshima ya shujaa. Kama maelezo ya mwaka 1897, kauli hiyo si sahihi. Kama maelezo ya kile ambacho watu wa mji wenyewe wamelifanyia jina hilo tangu 1980, ni sahihi kabisa, na mwalimu mzuri angeweza kumwambia mtoto habari zote mbili.

Limebaki suala la kichwa. Ombi hili lina mfano wake: fuvu la Mkwawa wa Wahehe, lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Twining. Katika suala la Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, familia imetafuta kwa miaka mingi, na mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin uliwaunganisha baadhi ya marehemu kutoka Kilimanjaro na jamaa zao walio hai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha babu yao.

Katika mazungumzo ya aina hii Kiswahili rasmi hutumia "mabaki ya binadamu", msemo uliotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya, unaoweza kumhusu mtu yeyote. Magazeti huandika "fuvu". Fuvu ni kitu kinachoweza kuwekwa katika sanduku, kupewa namba na kupimwa, na kwa hakika ndivyo mafuvu mengi ya Afrika yalivyofanyiwa huko Berlin na kwingineko. Neno "kichwa" haliruhusu hayo kwa urahisi, kwa kuwa kichwa huulizwa ni cha nani. Wapo wanaoona kwamba uchaguzi wa maneno hayo ni jambo dogo. Wanaolinda kaburi la hatua chache kutoka kwa kaburi la wengi wana sababu ya kuona vingine, maana wanajua kwamba chini ya lile jiwe, katika mji unaoitwa Songea, wilaya inayoitwa Songea, Songea mwenyewe hajafika wote.